Jembe la Nsumba Ntale na Kengele ya Gombera

Wazee wa Ibadakuli ukiwauliza vijana wa zamani walilelewaje, hawaanzi na shule. Wanaanza na basumba, vijana wa kijiji, na kiongozi wao, nsumba ntale, kijana mkubwa. Leo Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, yenye uwanja wa ndege na kituo kikubwa cha kupoozea umeme. Mgeni anayepita haoni dalili ya utaratibu huo wa kale. Mimi niliujua vizuri zaidi baada ya kuondoka nyumbani, nilipopelekwa kusoma bweni katika seminari ndogo ya Kikatoliki, kwa sababu mengi niliyoambiwa ni mageni yalikuwa yamewahi kufanyika kwetu.

Nsumba ntale hakurithi cheo kama mtemi. Alichaguliwa kwa sababu anajua kazi, anajua watu, na sauti yake inasikika. Mwenye shamba aliyetaka kulimiwa alimwendea yeye, wakapatana ujira: mbuzi, pengine ng'ombe, pamoja na pombe. Siku ikifika vijana walijipanga mstari mmoja, ngoma ikalia, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja. Bugobogobo tunayoitazama leo jukwaani, wachezaji wakirusha majembe hewani, asili yake ni shambani. Mvivu alitozwa faini. Mkaidi alitengwa, akabaki na kazi zake peke yake, na katika nchi ya jembe la mkono hiyo ni adhabu nzito. Kilichopatikana kilikuwa mali ya waliotoa jasho, na wao ndio waliokaa na kuamua kigawanywe vipi.

Seminarini kiongozi wetu alikuwa kengele. Kwa kweli ilikuwa kipande cha reli kilichofungwa mwembeni, kikigongwa kwa nondo saa kumi na moja alfajiri. Tuliamka kwa reli, tukaenda Misa kwa reli, tukanywa uji kwa reli. Adhuhuri ilitusimamisha popote tulipo tusali Malaika wa Bwana. Usiku, baada ya prepo na sala, ilileta kimya kikuu, na kuanzia hapo hata kukohoa kulihitaji sababu. Mabweni yalikuwa na majina ya watakatifu, na kila bweni lilikuwa na kiranja. Aliyefika mwaka huo aliitwa njuka. Njuka alibeba ndoo za kaka zake, aliimbishwa bwaloni siku ya kukaribishwa, na michembe iliyokuwa kwenye tranka lake iligeuka mali ya umma kabla ya wiki kwisha. Mwaka uliofuata alikuwa kaka wa mtu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kazi za mikono. Tulilima mahindi kwa mstari, na kwa kuwa wengi tulikuwa Wasukuma, mstari haukuhitaji mwalimu. Mtu alianzisha wimbo, wengine wakaitikia. Hapo nsumba ntale na Baba Gombera walikutana bila kutambulishana.

Lakini hawakufanana katika mambo mawili. Kwanza, jembe lilikuwa pia fimbo. Aliyechelewa Misa alipewa kisiki ang'oe, aliyenong'ona wakati wa kimya alipimiwa eneo alime. Kijana ambaye kwao kulima ni heshima alijifunza kwamba kulima ni kosa lililogeuzwa kazi. Pili, mahindi yakishavunwa hakuna aliyetuuliza. Viranja waliteuliwa kutoka juu, na gunia liliingia stoo kimya kimya. Aliyekamatwa akisema Kisukuma alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza.

Shule za aina hii zina historia ndefu. Mapadri Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1883. Wamaryknoll kutoka Marekani walifika Shinyanga mwaka 1954, na jimbo lilipopata jina la Shinyanga mwaka 1956, askofu wake wa kwanza alikuwa mmoja wao, Edward McGurkin. Wakati huo shule za bweni za Kikatoliki zilikuwa miongoni mwa ngazi chache alizokuwa nazo mtoto wa Kiafrika. Julius Nyerere alizijua akiwa mwalimu: alifundisha St. Mary's, Tabora, kuanzia 1946 hadi 1949, na aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha St. Francis, Pugu, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU.

Kwa hiyo alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliyeandika alikuwa mtu aliyeyajua madarasa ya bweni kwa ndani. Alilalamika kwamba shule zinawatenga vijana na jamii yao, akataka kila shule iwe na shamba. Hilo tunalikumbuka. Tunalolisahau ni kwamba alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi hiyo na kuamua juu ya matunda yake. Wazee wa Ibadakuli wangesikia hapo sauti ya nsumba ntale. Shule nyingi zilichukua jembe, zikaacha uamuzi.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilizifanya shule za mashirika ya dini kuwa mali ya serikali, lakini seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa. Ndiyo maana kwa miaka mingi seminari ndogo zilitunza mila za bweni la kimisionari: kimya, kengele, majina ya watakatifu. Zilivutia hata wasio na wito. Katika darasa letu kila mmoja aliandika kwamba anataka upadri. Wachache sana waliufikia. Wazazi walijua, na nadhani mapadri nao walijua. Ilikuwa ngazi, na hatukuwa na nyingine karibu.

Kanisa lenyewe halikuwa na mtazamo mmoja. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada, na mapambano ya ngoma ya Bulabo yakafungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi. Shinyanga, Padri Donald Sybertz wa Maryknoll alikusanya methali za Kisukuma kwa miaka mingi. Lugha niliyovishiwa kibao shingoni ilikuwa ikiandikwa kwa uangalifu kwenye daftari la padri wa jimbo hilohilo.

Utaratibu wa vijijini nao haukufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, vijiji vya Shinyanga na Kahama vilijiundia sungusungu. Hawakusubiri mtu awafundishe kuchagua viongozi, kutoza faini wala kumtenga mkaidi. Walikuwa na kumbukumbu yake, pamoja na ukali wake.

Leo shule za bweni za kulipia zimeongezeka, Ibadakuli yenyewe ikiwemo. Mzazi anauza ng'ombe wawili au watatu, na ukimuuliza ananunua nini, anajibu: nidhamu. Simlaumu. Mimi nilifaidika na reli ile, na mpaka leo naamka saa kumi na moja bila saa ya mezani. Lakini neno hilo limebeba mambo mawili tofauti. Kuna nidhamu ya anayetii kengele kwa kuwa kiranja anatazama. Na kuna ya anayelima mstari wake mpaka mwisho kwa sababu alishiriki kupatana ujira, na kiongozi wake alimchagua mwenyewe.

Shule yenye shamba inaweza kuanza na gunia moja. Mavuno yakishaingia, wanafunzi waitwe bwaloni, waelezwe limepatikana kiasi gani, kisha gunia moja liachwe mikononi mwao: waliuze, walile, au walipeleke kwa mjane jirani. Watabishana mpaka usiku. Kimya kikuu kinaweza kuwasubiri siku hiyo.