Hatari Imeondoka, Mlinzi Amebaki

Riwaya za vijana kuhusu dunia ya kesho zina jamii moja inayojirudia sana: mji ambao watu wake wamekubali kutoa kila kitu ili wawe salama. Katika The Giver ya Lois Lowry, iliyotoka Marekani mwaka wa 1993, hakuna njaa, hakuna vita, hakuna anayelala na maumivu. Lakini pia hakuna rangi, hakuna kumbukumbu, na mtoto mchanga asiyekua kwa kipimo kilichowekwa huondolewa kimyakimya. Ni stori nzuri. Ila ukiisoma ukiwa Mombasa, swali linakujia: mbona wameiweka kesho? Kwetu mambo haya yako jana, na mengine yako leo asubuhi.

Huku Pwani salama ni neno la kwanza mdomoni. Mtu akikuuliza hali unamjibu salama, hata kama mfukoni huna kitu. Ongeza u mbele yake, liwe usalama, na neno limeshahama: limetoka barazani, limevaa sare, limeketi nyuma ya meza na linataka kitambulisho chako. Kati ya maneno hayo mawili ndimo ilimo historia ya kisiwa hiki. Na mimi ninavyoisoma, inasema jambo moja: hatari huja na huondoka, lakini kilichojengwa kwa sababu yake hubaki. Kikikosa kazi, hutafutiwa. Na mara nyingi kazi yenyewe ni wewe.

Tuanze na kinachoonekana. Ukitoka Makadara kwa miguu, baada ya mwendo mfupi utakuwa mbele ya kuta za Ngomeni, Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Katika miaka ya 1580 Mir Ali Bey alikuwa amefika pwani hii na merikebu za Waturuki, na Mombasa ikampokea. Wareno wakasema hapana, haitatokea tena, wakajenga.

Waturuki hawakurudi. Ngome ikabaki, na walioihisi zaidi ni watu walioishi chini yake. Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimchukua mtoto wakamlea Goa na kumbatiza jina la Dom Jerónimo, aliingia humo humo ngomeni akamuua kapiteni wao. Mwaka wa 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na yakaiteka 1698. Wenyewe wakabadilika, kuta zikabaki zile zile. Kisha wakaja Waingereza, na kuanzia 1895 wakaigeuza jela. Ilikuwa jela hadi 1958. Yaani kwa zaidi ya miaka 60, jengo lililowekwa pale ili watu wa nje wasiingie lilifanya kazi ya kuhakikisha watu wa ndani hawatoki. Leo ni makumbusho, tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO, na watu wanapigia picha pale pale ambapo wengine walihesabu siku.

Ukuta wa mawe una uzuri mmoja: unauona. Ukuta wa sheria huuoni mpaka uugonge.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Lisikilize jina lenyewe. Hatari ikawa hali, kama hali ya hewa. Chini yake watu waliwekwa kambini bila kesi, na baadhi ya kambi hizo zilikuwa huku kwetu. Huko Hola, kando ya Mto Tana, tarehe 3 Machi 1959 walinzi waliwapiga wafungwa 11 hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Mwandishi wa riwaya akiandika hivyo, mhariri wake atamwambia amezidisha.

Hali ya Hatari ilimalizwa Januari 1960. Lakini mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuhifadhi usalama wa umma, iliyoyabeba mamlaka mengi yaliyokuwa yanaondoka. Uhuru ukaja 1963. Mwaka wa 1966 Bunge letu wenyewe likaifanyia sheria hiyo marekebisho ili serikali iweze tena kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mkoloni alikuwa amekwenda zake. Mlinzi wake akaajiriwa upya.

Miaka miwili baadaye zamu ikafika Mombasa. Abdilatif Abdalla, kijana wa miaka 22 aliyezaliwa Kuze, Mji wa Kale, aliandika waraka unaoitwa Kenya: Twendapi? Chama chake, KPU, kilikuwa kinabanwa kila upande, naye akauliza hadharani serikali inaipeleka wapi nchi. Hakukuwa na bunduki wala bomu. Kulikuwa na karatasi yenye alama ya kuuliza. Alishtakiwa kwa uchochezi, kosa tuliloachiwa na sheria za kikoloni, akahukumiwa miezi 18. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, ikawa miaka mitatu. Alifungwa Kamiti na Shimo la Tewa, muda mwingi akiwa peke yake, akiandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, kitabu kilichochapishwa 1973. Mwaka uliofuata kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Hapo utaona kwa nini Waswahili hatukuhitaji kungoja vitabu vya nje vituletee riwaya za namna hii. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka wa 1951: nchi inayoelea hewani, ambako wajumbe wanatumwa pande sita kutafuta mambo mema, na kila anayerudi na habari njema anatupwa gerezani. Karama, anayeshtakiwa, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Tulikisoma shuleni kama kitabu cha maadili, tukajibu maswali ya mtihani, tukasahau kwamba kilikuwa kinasema kuhusu serikali. Naye Katama Mkangi, mwana wa Pwani na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986, bila kesi, kwa sheria ile ile ya usalama wa umma. Mwaka wa 1995 akachapisha Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa, anatua kwenye dunia ya watu walio sawa. Jina la mahali hapo ukilikata vipande linasema wale ni sisi. Mtu aliyewahi kufungiwa ili wengine wawe salama aliandika nchi ambayo hakuna hao wengine.

Sasa, tusidanganyane. Kuna watakaosema hizi ni hadithi za wazee, na kwamba hatari ya siku zetu ni ya kweli. Ni ya kweli. Westgate, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Mpeketoni, Juni 2014, waliuawa zaidi ya 60, na huko ni kwetu, watu wana ndugu huko. Aliyezika hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni propaganda. Mambo yaliyofuata yalikuwa na sababu: mwaka wa 2014 Safaricom ilipewa kandarasi ya shilingi bilioni 15 hivi kuwafungia polisi mitambo ya mawasiliano na kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Desemba mwaka huo ikapitishwa sheria mpya ya usalama katikati ya ngumi bungeni. Kifungu kimoja kilitaka anayechapisha habari za kuitia nchi hofu apigwe faini ya hadi shilingi milioni 5 au afungwe hadi miaka mitatu. Miaka mitatu, ile ile ya Abdilatif. Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vinane, hicho kikiwemo.

Lakini yapo yasiyofutwa na hakimu kwa sababu hayakuandikwa popote. Mwaka wa 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu waliouawa au kupotea Pwani tangu 2012, katika kile kilichoitwa vita dhidi ya ugaidi. Kichwa chake kilikuwa swali: tuwaambie nini jamaa zao? Baadhi ya jamaa hao hawajapata hata kaburi la kulisomea dua. Mama anayeishi hivyo ukimwambia mtaa sasa una kamera, atakuuliza zilikuwa zinaangalia wapi.

Kisha ikaja Korona. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, saa ya kufunga haijafika, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni warudi makwao. Walipigwa kwa ajili ya afya yao. Rais baadaye aliomba radhi. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa: huingii, hutoki, siku 15. Zikaongezwa, na ukafunguliwa mwanzoni mwa Juni. Kafyu yenyewe ilitangazwa kuwa ya siku 30. Ikadumu karibu miezi 19. Ilipoondolewa ilikuwa tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa, siku ile ile ya tangazo la Baring, miaka 69 baadaye.

Hata hivyo kafyu ile iliisha, na hilo si dogo. Iliisha kwa sababu mara nyingi ilikuwa na tarehe, na kila tarehe ilipofika mtu alilazimika kusimama mbele ya taifa aseme kwa nini anaongeza. Ngome haikuwa na tarehe. Sheria ya 1960 haikuwa na tarehe. Kosa lililomfunga Abdilatif lilikaa kwenye vitabu hadi 1997, karibu miaka 30 baada ya kesi yake.

Kwa hiyo ukiletewa ulinzi mpya, iwe kamera, namba au kizuizi mwisho wa mtaa, si lazima uukatae. Uliza mambo matatu tu. Unatulinda na nani? Unaondoka lini? Nikiuliza haya kwa sauti, nitakuwa wapi kesho asubuhi? Swali la tatu ndilo litakalokujibia yale mawili ya kwanza.

Na kama wewe ni mwandishi, unatafuta mahali pa kuiweka riwaya yako ya mji unaoogopa kila kitu, usihangaike kubuni sayari. Iweke hapa Makadara. Mpe shujaa wako miaka 22, mpe karatasi na kalamu, halafu mwache aulize tunakwenda wapi.