Stima Helmuth na Kufagiwa kwa Bahari ya Tanga, 1914

Katika habari za vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki, vyombo vinavyotajwa zaidi ni Königsberg, manowari ya Wadachi iliyoangamia Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Helmuth hutajwa kwa kupita tu. Haikuundwa kuwa manowari. Ilikuwa stima ndogo ya Kidachi ya kukokota vyombo bandarini, ambayo Waingereza waliiteka mwanzoni mwa vita wakaitia katika kazi zao. Hata hivyo, kazi yake ya Novemba 1914 yastahili kuangaliwa, kwani jeshi la watu wapatao 8,000 lilikawia kwa ajili yake.

Alfajiri ya tarehe 2 Novemba manowari Fox, chini ya Kapteni Caulfield, ilifika mbele ya Tanga kuutaka mji usalimu amri. Caulfield alitaka kujua pia kama bandari imetegwa mabomu, na majibu ya Auracher, mkuu wa wilaya, hayakumwondolea hofu. Auracher alipewa muda wa kufikiri. Akautumia kupeleka habari kwa simu. Fox ikarudi nyuma, na Helmuth ikaamriwa kufagia.

Bomu la baharini la siku zile lilifungwa kwa mnyororo kwenye nanga yake, likaelea chini kidogo ya uso wa maji lisionekane. Mfagiaji huburuta kamba ya chuma ndani ya maji ili inase ule mnyororo. Bomu likiibuka, hupigwa risasi mbali na meli. Ni kazi isiyokubali haraka, na asiyepata kitu hawezi kujua kama hapana kitu au amekipita. Helmuth ilifagia tarehe 2, ikaendelea tarehe 3. Haikupata hata bomu moja, kwa sababu hayakuwako.

Wakati huohuo Lettow-Vorbeck alikuwa akiwasafirisha askari wake kwa reli kutoka Moshi. Waingereza, kwa kuogopa bandari, waliwashusha watu wao Ras Kasone, nje ya mji. Shambulio la kwanza, alfajiri ya tarehe 3, lilirudishwa nyuma. Lile kubwa la tarehe 4 lilivunjika kabisa mbele ya adui wapatao 1,000, na tarehe 5 jeshi likapakiwa tena melini, likiacha bunduki, mizinga ya rashasha 16 na risasi nyingi. Si haki kuitupia Helmuth lawama yote: Jenerali Aitken hakupeleleza vya kutosha, na askari wengi wa Kihindi walikuwa wamechoshwa na safari ndefu ya bahari. Lakini siku iliyotumika kutafuta kisichokuwako ndiyo siku aliyoihitaji Lettow-Vorbeck.

Tarehe 28 Novemba Helmuth ilikuwa Dar es Salaam, miongoni mwa vyombo vilivyoingia bandarini kuziharibu meli za Kidachi zilizokimbilia humo. Safari hii hatari ilikuwa ya kweli: moto wa bunduki ulitoka pwani, na Kamanda Ritchie wa manowari Goliath, aliyejeruhiwa mara nane, alipewa nishani ya Victoria Cross.

Matokeo ya Tanga hayakuishia pwani. Kama mji ule na reli yake vingalitwaliwa siku ya kwanza, huenda vita vingalikuwa vifupi zaidi. Badala yake viliendelea hadi tarehe 25 Novemba 1918, vikafika hata nchi ambazo watu wake wengi hawakupata kuiona bahari. Mwanza ilitwaliwa Julai 1916, na Tabora Septemba mwaka huohuo. Dhahabu ya Sekenke, kusini-mashariki ya Shinyanga, ilifuliwa sarafu za rupia 15 huko Tabora kwa kuwa fedha ya Wadachi ilikuwa imekatiwa njia na manowari za Waingereza. Na Wasukuma na Wanyamwezi, mafundi wa safari tangu zamani, walitwikwa mizigo ya majeshi. Wengi hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo, litokanalo na jeshi la wapagazi la Waingereza, lingali likiwakumbusha watu upagazi ule.

Jina la Helmuth halikubaki katika mtaa wowote. Ilifagia bahari iliyokuwa safi, na gharama ya usafi ule ikalipwa bara.