Uwakala na Umiliki wa Hisa: Historia ya CMC Holdings nchini Kenya

Historia ya CMC Holdings, iliyoanza kwa jina la Cooper Motor Corporation, inadhihirisha udhaifu wa kampuni ya uwakala wa magari iliyoorodheshwa katika soko la hisa. Wanahisa walimiliki majengo na karakana. Haki ya kuuza Land Rover ilibaki mikononi mwa mtengenezaji aliyeko Uingereza. Septemba 2011, wakurugenzi walipozozana, uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Baadaye mtengenezaji aliukabidhi uwakala huo kwa kampuni nyingine. Mwaka 2014, Al-Futtaim ya Dubai iliinunua CMC. Kwa hiyo, mgogoro wa bodi pekee hautoshi kueleza anguko hilo: thamani ya hisa ilitegemea mkataba ambao wanahisa hawakuwa na kauli juu yake.