Kuvu ya Migomba na Fedha Isiyo Pesa

Tuanze na ndizi. Kama umewahi kununua sokoni ile ndizi kubwa, tamu, wanayoiita Kampala, umekula Gros Michel, ndizi iliyotawala biashara ya dunia hadi miaka ya 1950. Kilichoiangusha ni kuvu ya udongoni, Fusarium oxysporum. Inaingia kupitia mizizi, inaziba mishipa ya maji, majani yanageuka manjano, na mgomba unanyauka ukiwa bado umesimama. Kampuni za Amerika ya Kati zilihama shamba hadi shamba zikiikimbia, mwishowe zikasalimu amri na kupanda Cavendish. Mwaka wa 2013 ikatangazwa kwamba aina inayoua hata Cavendish imefika Msumbiji. Hapo tu jirani, yaani.

Sasa, ukoo huohuo wa kuvu (ni mkubwa, si kila mmoja wao anaua ndizi) una kipaji kingine, na kinahusu fedha. Simaanishi ile ya M-Pesa. Namaanisha madini, yale ya pete na bangili.

Kwamba fedha na viini haviivi chungu kimoja si habari mpya. Mwaka wa 1880 kule Leipzig, Ujerumani, daktari Carl Credé alianza kuwatia watoto wachanga machoni tone la nitrati ya fedha ya asilimia 2. Wengi walikuwa wakipata kisonono cha macho wakati wa kuzaliwa na kupofuka. Wodi yake ilitoka kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi hadi chini ya mmoja kati ya mia. Kisha mwaka wa 1928 Alexander Fleming akaona ukungu ukiua bakteria kwenye kisahani chake London, antibiotiki zikafuata, na fedha ikasukumwa kando. Ilibaki hasa kwa majeraha ya moto: ile krimu nyeupe ya silva safadiazini ni ya mwaka wa 1968.

Halafu antibiotiki zikaanza kushindwa, na watu wakaikumbuka fedha. Safari hii waliitaka katika chembe ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita. Nanomita ni milimita moja uliyoigawanya mara milioni. Chembe zikiwa ndogo hivyo, eneo la nje linakuwa kubwa kuliko unavyodhani, na ioni za fedha zinachomoka kwa wingi, zinanasa kwenye salfa ya protini za bakteria na kuvuruga utando wake. Shida ilikuwa kwamba njia za kawaida za kuzitengeneza zilitumia kemikali kali ambazo hungependa zibaki kwenye bandeji.

Hapo ndipo Pune, India, inaingia. Katika Maabara ya Taifa ya Kemia, Murali Sastry, Absar Ahmad na wenzao waliichukua kuvu ya Verticillium wakaiweka kwenye maji yenye ioni za fedha. Ikageuka kahawia. Waliyoyaona wakayachapisha 2001: chembe za fedha za takriban nanomita 25, zimenasa ndani ya seli. Maajabu, lakini utazitoaje humo? Walipojaribu Fusarium oxysporum, jibu likaja lenyewe. Kuvu hii inamwaga vimeng'enya vyake nje. Chembe zikaundwa majini, nanomita 5 hadi 15, zikiwa zimevikwa protini zinazozizuia kugandamana. Matokeo hayo yalichapishwa 2003.

Kwa nini kuvu ijisumbue? Haijisumbui, kusema kweli. Inatafuta chakula. Ina kimeng'enya kiitwacho reduktesi ya nitrati, kazi yake kuipa nitrati elektroni ili kuvu ipate naitrojeni. Ioni ya fedha nayo ni atomu iliyopungukiwa elektroni moja. Ikipewa, inarudi kuwa madini. Mwaka wa 2007 kundi la Pune lilikisafisha kimeng'enya hicho, wakakiweka kwenye chupa bila kuvu yoyote, na chembe zikatokea. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio lenye uzito katika hadithi hii yote. Baada yake zimekuja makala chungu nzima za aina ya "tulichanganya kuvu na fedha, bakteria wakafa", na nyingi hazijisumbui kuuliza nani hasa alitoa elektroni.

Mwaka huohuo Nelson Durán na wenzake, Campinas, Brazili, walilowesha kitambaa cha pamba kwenye chembe zilizotokana na Fusarium, na kikaua Staphylococcus aureus. Kisha wakauliza swali ambalo wauzaji wa soksi za fedha huliruka: kitambaa kikifuliwa, maji yanaenda wapi? Wao waliyapitisha kwa bakteria mwingine, Chromobacterium violaceum, ayasafishe kabla ya kumwagwa.

Hawakuwa wanatia chumvi. Tangu 1975 iliripotiwa Salmonella kutoka wodi ya majeraha ya moto Boston ambayo nitrati ya fedha haikuitisha. Miaka ya 1990 jeni zake zilisomwa. Zilikuwa kwenye plazimidi, kile kipete cha DNA ambacho bakteria hupasiana, na juu ya kipete hichohicho kulikuwa na usugu dhidi ya ampisilini na tetrasaiklini.