Kwa nini faili huharibika zikihamishwa kati ya tarakilishi

PICHA iliyofunguka vyema katika tarakilishi moja yaweza kukataa kufunguka katika nyingine, ingawa jina la faili ni lile lile na mtandao haukukatika. Si lazima kisa kiwe virusi au diski mbovu. Huenda faili imefanyiwa tafsiri isiyohitajika njiani.

Kila faili ni mfuatano wa baiti, na kila baiti ni nambari kati ya 0 na 255. Katika maandishi, 10 na 13 huonyesha mwisho wa mstari. Windows hutumia 13 ikifuatwa na 10, ilhali Unix na Linux hutumia 10 pekee. Tarakilishi za Macintosh zilitumia 13 pekee hadi Mac OS X ilipoingia mwaka 2001.

FTP, mbinu kongwe ya kuhamisha faili, ina hali mbili kuu. Katika hali ya maandishi, alama hizo hubadilishwa zilingane na mfumo unaopokea. Katika hali ya bainari, baiti hupitishwa zilivyo.

Maandishi matupu hunufaika na mabadiliko hayo. Lakini katika picha, wimbo au hati ya Word, 10 na 13 zaweza kuwakilisha rangi, sauti au kitu kingine kabisa. Baiti moja ikiongezwa au kuondolewa, zote zinazofuata huhama mahali pake. Na 13 zikishaondolewa, hapana njia ya hakika ya kujua zilikokuwa.

Waliobuni picha za PNG, ambazo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1996, waliitambua hatari hii. Kila PNG huanza kwa baiti nane: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26 na 10. Alama za mwisho wa mstari zikibadilishwa, utangulizi huo huvurugika na programu hugundua kasoro mara moja.

Kwa hivyo, anayetumia FTP na achague hali ya bainari kwa kila faili isiyo ya maandishi matupu. Kisha alinganishe ukubwa kwa baiti, na akokotoe alama ya uhakiki, mathalani SHA-256, katika pande zote mbili. Alama zikitofautiana, faili ihamishwe upya.

Zaidi ya yote, nakala asili isifutwe kabla ya ile iliyofika kuthibitishwa. Ikishafutwa, hakuna pa kurejea.