Ukaguzi wa Nyumba Kabla ya Kununua: Mnunuzi Atarajie Nini?

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Kwa familia nyingi za visiwani kwetu, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote watakayoinunua. Fedha yake huwa ni akiba ya miaka, na mara nyingi imechanganywa na ya ndugu walioko Oman au Dubai. Hapa tunaeleza ukaguzi wa fundi unampa nini mnunuzi, haumpi nini, na sheria inasemaje kasoro ikidhihirika baadaye.

Asili ya ukaguzi

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamhoji kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Hapa tunapata mambo mawili. Muuzaji ana wajibu wa kuidhihirisha kasoro anayoijua, na kutia mkono ndani ya bidhaa si kumdhania mtu vibaya. Rangi mpya juu ya ukuta unaovuja ni sawa na nafaka kavu iliyofunika iliyorowa.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa kitu mahsusi ambacho hakijaonwa hakiuzwi. Wanazuoni wakataja kuwa kuiona nyumba ni kuona vyumba, dari, mapaa, kuta, bafu na njia ya maji machafu. Kwa hiyo picha za simu hazimtoshi aliyeko ng'ambo. Amuwakilishe mtu aende akaione na afunge mkataba kwa niaba yake.

Anayoweza kuyaona fundi

Fundi mzuri huangalia nyufa na kutofautisha ule wa plasta na ule uliopasua ukuta wote. Hupanda juu ya paa, hufungua mifereji, hutazama waya za umeme na makaro ya choo. Katika nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hutazama ncha za boriti zinapoingia ukutani, kwani hapo ndipo zinapooza na kuliwa na mchwa. Hutazama pia kama ukuta wa chokaa umepigwa plasta ya saruji, ambayo huuzuia kupumua na kuufungia unyevu ndani. Katika nyumba za zege hutafuta madoa ya kutu na zege linalobanduka chini ya dari, dalili kwamba chumvi imefika kwenye nondo. Sura ya mbele haitoshi. Tarehe 25 Disemba 2020 sote tulishuhudia sehemu ya Beit al-Ajaib ikiporomoka.

Asiyoweza kuyaona

Fundi habomoi ukuta wala hafukui msingi wa nyumba ambayo si yako bado. Anaeleza hali ya siku ile. Paa lililokaguliwa kiangazi huenda likavuja masika, basi ikiwezekana rudini baada ya mvua. Ukaguzi si dhamana, na si tathmini ya bei. Wala msitarajie nyumba isiyo na kasoro hata moja. Faida yake ni kutenganisha kubwa na ndogo, mjue cha kuogopa, cha kupunguziwa bei na cha kutengeneza taratibu.

Vilevile fundi hajui nyumba ni ya nani. Hayo yaulizwe kwa sheha, katika ofisi za ardhi, na kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sababu nyumba ya wakfu haiuzwi, na nyumba ya mirathi haiuzwi na mrithi mmoja bila ya ridhaa ya wenzake.

Kasoro ikidhihirika baada ya kununua

Kasoro iliyokuwepo kabla ya makabidhiano, yenye kupunguza thamani, humpa mnunuzi hiari ya kurudisha. Lakini yako masharti:

1. Asiwe aliijua. Kasoro iliyotajwa na fundi, naye akanunua, ameiridhia.
2. Asicheleweshe bila ya udhuru, na asiendelee kuitumia nyumba baada ya kujua.
3. Ikiwa nyumba imepata kasoro nyengine mikononi mwake, hairudishi kwa kumlazimisha muuzaji. Wasipokubaliana kurudishiana, hudai fidia ya upungufu.

Muuzaji anayesema "nauza kama ilivyo" hajiepushi, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, na kasoro za nyumba alizozificha.

Nasaha

Mchagueni fundi wenyewe, asiwe wa dalali wala wa muuzaji. Mpeni ujira maalumu unaojulikana tangu mwanzo, usiotegemea biashara kufungwa, ili ulimi wake uwe huru. Mwambieni aandike anayoyaona na pia sehemu ambazo hakuweza kuzifikia. Mkiwa bado na wasiwasi, wekeni sharti la hiari katika mkataba, lisilozidi siku 3, mmalize ukaguzi ndani yake.

Naye fundi ajue kuwa neno lake ni amana, na familia itakayolala chini ya dari ile imelitegemea.

Wallahu a'lam.