Mwanagenzi na Jembe: Historia Fupi ya Kazi na Elimu, kutoka Mbozi hadi Mpemba

Mpemba inayotajwa hapa si mtu wa kisiwa cha Pemba. Ni mahali katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma, Mkoa wa Songwe, panapochepuka barabara iendayo Isongole katika wilaya ya Ileje kutoka barabara kuu ya Mbeya na Zambia. Nchi hii ni ya Wanyamwanga, na jirani zao ni Wanyiha na Wandali. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya forodha na ya shule. Mahali kama hapo swali moja la zamani huonekana waziwazi: kijana wa sekondari afundishwe kazi kwa njia gani, na kazi hiyo imfae nani?

Kufundishwa kwa kutenda si jambo lililoletwa na shule. Wanyiha walijulikana tangu zamani kwa kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, na aliyeutaka ujuzi huo aliupata kwa kukaa karibu na wenye kuujua, akishika kazi ndogo kabla ya kubwa. Kiswahili kina neno la kale kwa mtu wa namna hiyo: mwanagenzi, yaani aanzaye kujifunza kazi. Neno hili lina maana mbili ndani yake, kwamba yupo fundi wa kumwongoza, na kwamba uanagenzi una mwisho wake, nao ni ufundi.

Wamisionari walipofika walikuta desturi hiyo, nao wakaleta ya kwao. Wamoravian walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na Mbozi mwaka 1899, ambako Traugott Bachmann alikaa na Wanyiha na kujifunza lugha yao. Upande wa kusini, misheni ya Livingstonia ilifika kwa Wanyamwanga huko Mwenzo mwishoni mwa karne ya 19, na katika chuo chake kikuu kando ya Ziwa Nyasa vijana walifundishwa useremala, uashi na upigaji chapa. Mafundi waliotoka huko walitafutwa na kupata mishahara. Hapo kazi ilikuwa elimu, kwa sababu ilikuwa na ngazi ya kupanda.

Serikali ya Kiingereza ilishika njia nyingine. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijijini. Mwaka 1928 W. B. Mumford alianzisha shule ya Malangali katika nyanda za juu za kusini, akataka mila za wenyeji ziwe sehemu ya masomo. Katika miaka ya 1950 shule za kati nazo zilitiwa masomo ya kilimo. Lakini wazazi wengi hawakupendezwa. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu hufundishwa kutawala, na mtoto wao hufundishwa kulima, kazi aliyokwisha kuijua nyumbani. Upinzani wao haukuwa uvivu. Ulikuwa hesabu sahihi ya mambo jinsi yalivyokuwa.

Urithi huo ndio aliokabiliana nao Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967. Alisema kwamba elimu iliyopo huwatenga wachache na wenzao, huthamini vitabu kuliko ujuzi wa watu, na huwaondoa vijana wenye nguvu katika uzalishaji. Dawa yake ilikuwa shule kuwa jamaa inayojilisha. Wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba, wajue mapato na matumizi yake, na waone kwa macho yao faida ya samadi na ya kuhifadhi udongo. Katika fikira hiyo shamba lilikuwa darasa.

Baada ya hapo zilikuja hatua za kuitekeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawanywa katika michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba anayetaka Chuo Kikuu afanye kazi kwanza; kanuni hiyo baadaye ililegezwa. Hata hivyo, katika shule nyingi fikira ilipungua na jembe likabaki. Zana zilikuwa chache, walimu wengi hawakuwa wamefundishwa kilimo, na mtihani wa mwisho uliendelea kupima kalamu. Lugha ya shule inalishuhudia jambo hili. Neno "kujitegemea", lililokuwa jina la falsafa nzima, likawa jina la kipindi cha kwenda shambani. Na kulima kukawa pia adhabu ya mchelewaji. Kazi ikiisha kuwa adhabu haiwezi tena kuwa somo.

Wakati huohuo elimu ya namna nyingine ilipita karibu na Mpemba. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilianza kujengwa mwaka 1970, ikafika mpaka wa Tunduma mwaka 1973, na kukabidhiwa mwaka 1976. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walijifunza kazi humo bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Hawakuambiwa kwamba kazi ni heshima. Waliona daraja likisimama.

Leo limekuja neno jingine, amali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni tendo au kazi; Zanzibar ilikuwa na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kabla neno hilo halijaenea katika shule za Bara. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeweka mkondo wa amali katika sekondari kando ya mkondo wa jumla. Mpemba haikosi mahali pa kuutekeleza: malori yapitayo kwenda Zambia na Kongo yahitaji mafundi, kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka 2019, chahitaji mawakala wajuao hesabu na sheria, na mashamba ya kahawa ya Mbozi hayako mbali.

Historia yatoa kipimo rahisi. Mwanafunzi apelekwaye gereji aulizwe baada ya miezi michache: fundi wako ni nani, na umejua nini ambacho hukukijua ulipofika? Akiweza kujibu, yeye ni mwanagenzi. Akikosa jibu, yeye ni kibarua asiyelipwa, hata jina la mkondo wake likiwa zuri namna gani.